Darasa la Bati

Shule ilikwisha kuezekwa, madawati yalikwisha kuingia, na bado haikuwa na jina. Ilikuwa shule ya sekondari ya kata, huko Temeke, ng'ambo ya daraja la Mtoni, yenye madarasa manane na choo kinachovuja maji hata kabla hakijatumiwa. Mtendaji wa kata, bwana mmoja aitwaye Leodegar, alimwita Demetria ofisini kwake asubuhi ya Jumatatu. Demetria alikuwa mwalimu wa historia, naye ndiye aliyepangwa kuhamia shule hiyo itakapofunguliwa mwezi wa kwanza.

"Mwalimu, ishu yenyewe ni hii," Leodegar alisema, akimsogezea karatasi mbili zilizobanwa kwa pini. "Halmashauri wanataka jina. Wanataka mtu mashuhuri katika historia ya jiji hili la bandari, na awe na uhusiano na Temeke. Wewe ndiye mtu wa historia hapa. Nakupa wiki mbili."

"Wiki mbili, mtendaji?"

"Mie mwenyewe nimepewa tatu, na moja imeshapita."

Demetria aliisoma fomu akiwa amesimama. Jina kamili. Vyeo alivyoshika. Tuzo alizopata. Taasisi alizoanzisha au kuongoza. Ambatisha picha.

Jioni mbili mfululizo alikwenda maktaba, mjini, akapekua kila kitabu alichopewa. Aliwakuta masultani na magavana, maaskofu na matajiri wa katani, madaktari walioanzisha hospitali, benki ya kwanza, forodha ya kwanza, kanisa lile la pwani na kengele zake. Temeke ilitajwa mara moja tu, katika sentensi iliyosema kwamba wafanyakazi wengi wa bandarini walikuwa wakiishi huko. Majina yao hayakutajwa. Demetria alifunga kitabu akarudi nyumbani na hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani.

Nyumbani alikuwa akiishi na mama yake, Marietha, mama wa Kihaya mwenye miaka sitini na minane, aliyehamia Dar kutoka Muleba baada ya kufiwa na mumewe. Mama alimsikiliza huku akimenya ndizi.

"Kwani bandari inaendeshwa na askofu?" aliuliza. "Tafuta aliyekuwa anabeba."

Neno hilo ndilo lililompeleka Demetria kwa Kapteni Mwishehe.

Mwalimu mwenzake ndiye aliyemtajia. Mzee Mwishehe, alisema, alikuwa mmoja wa marubani wazalendo wa mwanzo pale bandarini, na angali hai, anakaa Temeke kwenye nyumba ya urithi, jirani na soko la Stereo. Jumamosi Demetria akamkuta barazani amevaa msuli na fulana nyeupe, redio ikiwa magotini.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba. Karibu. Umekuja kwa habari ya ndege?"

"Hapana, Kapteni. Kwa nini ndege?"

Mzee akacheka. "Kila kijana akisikia rubani anadhani ndege. Rubani ni wa meli, mwanangu. Ndege zimekuja juzi tu, zikaazima jina letu."

Akamweleza kazi yake. Meli kubwa haiingii bandarini yenyewe, hata nahodha wake awe ameizunguka dunia mara kumi. Inasubiri nje. Rubani anaifuata kwa boti ndogo, anapanda ubavuni kwa ngazi ya kamba, anasimama kando ya nahodha na kumwongoza apite ule mlango mwembamba kati ya Magogoni na Kigamboni, mahali ambapo ukikosea kwa mita chache unaikalisha meli kwenye mchanga mbele ya macho ya jiji zima. Mwishehe aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Hakukalisha hata moja.

Demetria aliandika mpaka vidole vikamuuma. Hapa palikuwa na vyeo. Picha zilikuwepo pia, mzee amevaa sare nyeupe, kofia kwapani. Akatoa fomu mfukoni mwa mkoba akamweleza habari ya shule.

Mzee alizima redio.

"Hapana," alisema.

"Kapteni, ni heshima kwa..."

"Nimesikia. Nimesema hapana. Mie nikiwa na miaka kumi na saba nilikuwa kuli. Nabeba magunia, sijui hata alifu. Wewe unadhani kutoka kwenye gunia hadi kwenye usukani nilirukaje? Nilifundishwa. Na aliyenifundisha hakuna karatasi hata moja katika nchi hii iliyomwandika. Sasa uniandike mie, yeye abaki nje? Nitalalaje?"

"Ni nani, Kapteni?"

"Bi Somoe. Somoe binti Talha."

Akasimulia. Mzee Talha alikuwa karani wa forodha, mtu mwenye kupenda herufi, naye alimfundisha bintiye mwenyewe nyumbani kusoma Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza. Mwanawe wa kiume, Kondo, hakutaka shule. Alikwenda bandarini kubeba. Siku moja mwaka hamsini na saba Kondo alijitwika pipa lililokuwa likivuja. Ubavuni lilikuwa na neno kubwa jekundu, na katika genge la watu kumi na wawili hakuna aliyeweza kulisoma. Dawa iliyokuwamo ilimmwagikia usoni. Hakuona tena mpaka anakufa.

"Bi Somoe alikuwa na miaka ishirini na mitatu," mzee alisema. "Kaka yake aliporudishwa nyumbani amefungwa bandeji, alituuliza sie tulioleta habari: lile pipa liliandikwaje? Mmoja wetu akachora chini kwa kidole kile alichokikumbuka. Akatazama, akasema, hatari. Herufi sita. Kaka yangu amepofuka kwa herufi sita. Wiki ileile akatuita uani kwao. Akasema, kila mtu anayebeba mzigo bandarini atakuja hapa baada ya kazi, na hakuna atakayetoka bila kujua neno hilo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza."

Ua huo ulikuwa na kibanda cha bati. Ubao hawakuwa nao, kwa hiyo Bi Somoe alipaka masizi ukuta mmoja wa bati, akawa anaandika kwa kipande cha chokaa. Mvua ikinyesha hapakusikika neno, akawa anaandika tu na wao wanasoma midomo ikicheza. Watu wakapaita Darasa la Bati. Lilidumu miaka kumi na minne, mpaka serikali ilipoanzisha madarasa ya watu wazima nchi nzima na wanafunzi wakahamia shuleni.

"Walipita wangapi?" Demetria aliuliza.

"Nani alihesabu? Mie najua wa safu yangu. Yupo aliyekuwa dereva wa winchi. Yupo aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Mmoja alikwenda kuwa kadhi huko Rufiji. Wote walianza na lile neno moja."

"Na yeye yuko wapi sasa?"

Mzee akatazama mikono yake. "Nilikuwa masomoni nje, niliporudi nikaambiwa ameolewa Kilwa. Baadaye nikaambiwa amefariki. Sikuuliza sana. Hilo ndilo kosa langu."

Demetria alikwenda mahali penyewe siku hiyohiyo. Ua haukuwepo, palikuwa na jengo la fremu za maduka, na mbele yake mama mmoja wa makamo akikaanga mihogo. Alipotajiwa jina, mama yule aliacha mwiko ndani ya mafuta.

"Bi Somoe amefariki? Nani kakwambia? Idi iliyopita alinitumia kanga. Anakaa Mbweni kwa mjukuu wake, Najat, yule nesi. Ngoja nikupe namba."

Alipomrudia Kapteni Mwishehe na habari hiyo, mzee aliinuka kitini. Kisha aliingia ndani, na Demetria akamsikia akimwita mkewe amtafutie shati jeupe.

*

Walikwenda Mbweni Jumapili mchana, watu watatu, kwa sababu Marietha alisema hawezi kuachwa nyumbani wakati kuna bibi wa kuamkiwa. Alibeba mkungu mdogo wa ndizi alioletewa kutoka Muleba. Nyumba ya Najat ilikuwa mpya, uzio wake haujapakwa rangi, na upepo wa bahari ulipita moja kwa moja mpaka sebuleni. Bi Somoe alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, mwembamba, kanga mbili, miwani minene. Miaka tisini na mmoja.

Kapteni Mwishehe alivua kofia mlangoni. Akasimama kama mtoto aliyechelewa.

"Shikamoo, mwalimu."

Bibi aliinua uso, akageuza sikio upande wa sauti. "Marahaba. Nani huyo?"

"Mwishehe. Mwishehe wa Mtoni."

"Mwishehe yupi? Nilikuwa nao watatu."

"Aliyekuwa anachanganya *l* na *r*."

"Aaa!" Bi Somoe akapiga mkono gotini. "Wewe! Sema: rubani alirudi na barua."

Mzee wa miaka themanini na mitano akanyoosha mgongo. "Rubani alirudi na barua."

"Vizuri. Sasa njoo nikushike."

Alimshika uso kwa mikono yote miwili, na Mwishehe akalia bila kujificha. Najat alitoka kwenda kupika chai ingawa chai ilikuwa tayari mezani. Demetria akatazama dirishani. Marietha peke yake ndiye aliyewatazama waziwazi, kanga mdomoni.

Baadaye, mazungumzo yalipotulia, Demetria alitoa fomu yake na kueleza.

"Vyeo ulivyoshika, bibi?"

"Vyeo?" Bi Somoe alifikiri. "Nimekuwa kungwi mara nne."

Demetria hakujua aandike wapi. "Tuzo?"

"Makuli walinipa baiskeli. Sikujua kuipanda, nikampa Kondo aikodishe."

"Cheti cha ualimu?"

"Sina. Baba alinifundisha, mie nikawafundisha. Cheti angetoa nani?" Kisha akainua kidole. "Mwanangu, nisikilize. Jina mpeni mumtakaye. Mie najulikana kwa ninaotaka wanijue. Lakini mkitaka kunifurahisha, hiyo shule mkishafunga saa tisa, watoto wakienda makwao, mnaniachia chumba kimoja wazi. Watu wazima waje. Bado wapo."

"Siku hizi wengi wanasoma, bibi," Demetria alisema kwa upole.

Bi Somoe alipapasa meza, akaokota bahasha iliyokuwa chini ya kikombe.

"Mwenzangu," alimwambia Marietha, "hii barua nimeletewa juzi kutoka Kilwa. Najat anasoma haraka haraka kama anakimbizwa. Hebu nisomee wewe, mtu mzima mwenzangu. Polepole."

Marietha aliipokea karatasi. Akaikunjua, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Loo," alisema. "Miwani nimeisahau nyumbani."

Bi Somoe alinyoosha mkono akaichukua barua, akaikunja taratibu.

"Haidhuru," alisema, na sauti yake ilikuwa laini kuliko wakati wote. "Makuli wangu wote walisahau miwani siku ya kwanza."

Kapteni Mwishehe akaangalia sakafu. Demetria alimgeukia mama yake atabasamu naye kwa mzaha huo, na akaona uso wa mama haukuwa na tabasamu. Wala mama yake hakuwa na miwani. Hajawahi kuwa nayo.

*

Nyumbani Marietha aliweka sufuria jikoni, akaosha mchele, akauosha tena.

"Mama," Demetria alisema kutoka mlangoni.

"Nasikia."

"Kitabu cha nyimbo, kanisani. Unafungua ukurasa."

"Natazama jirani kafungua katikati au mwishoni. Nyimbo nazijua kwa kichwa."

"Na daftari zangu? Nilipokuwa mdogo ulikuwa unakagua kila jioni. Ulikuwa unakaa nami na taa."

Marietha alifuta mikono kwenye kitenge. "Nilikuwa naangalia wekundu. Alama ya vema naijua. Zikiwa nyingi natabasamu. Zikiwa chache nakunja uso. Ulikuwa unajieleza mwenyewe umekosea wapi, mimi nakuitikia tu."

Demetria alikaa kwenye kigoda. Yapo mambo mtu huyaona miaka yote na asiyatazame. Alikumbuka mama akimpa wakala simu yake, akimwambia mfamasia arudie, akiweka kidole gumba kwenye wino na kusema mkono unamuuma.

"Kwa nini hukuniambia? Mimi ni mwalimu, mama."

"Ndiyo maana." Marietha akaketi naye, magoti yao yakagusana. "Mimi nilikuwa wa kwanza kuzaliwa. Wadogo zangu walikuwa watano, na kahawa inataka mikono. Baba alisema nitakwenda mwaka ujao. Mwaka ujao haukufika. Kisha wewe ukazaliwa, nikasema huyu atasoma hata kama nitakula majani. Ukasoma. Ukawa mwalimu. Sasa nikuambie nini? Kwamba mwalimu mama yake hajui hata *a*? Watu wangekucheka."

"Nani angenicheka?"

"Sijui. Nilikuwa naogopa tu."

Demetria alimshika mkono. Maji ya sufuria yalianza kuchemka na kumwagikia jikoni, wakainuka wote wawili kuyashughulikia, wakagongana, na Marietha akacheka kwanza.

*

Mkutano wa kata ulifanyika Jumamosi saa nne asubuhi katika darasa la mwisho la shule mpya. Walikuja watu kama mia, wengine wakasimama madirishani. Leodegar alifungua kwa salamu, akamwachia Demetria nafasi, na Demetria akasoma fomu kama ilivyokuwa. Jina kamili: Somoe binti Talha. Vyeo: hakuna. Tuzo: baiskeli. Taasisi aliyoanzisha: Darasa la Bati, uani kwao, kwa makuli wa bandarini, miaka kumi na minne. Picha: hakuna.

Palikuwa na minong'ono. Elibariki, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi pale barabarani, aliomba kusema. Hakuwa mtu mbaya. Saruji ya msingi wa shule ilitoka kwake.

"Mimi sina neno na huyo bibi," alisema. "Lakini tuambizane ukweli. Shule ikiitwa kwa jina kubwa, wafadhili wanakuja, wageni wanakuja. Huyu hana cheo, hana cheti, hana hata picha. Halmashauri watatuuliza: mashuhuri kwa nani?"

Watu kadhaa wakaitikia. Leodegar alimtazama Demetria kama anayesema, sista, hilo ndilo nililoliogopa.

Kapteni Mwishehe akainuka kwa fimbo yake, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linang'aa. "Kwangu," alisema. "Ni mashuhuri kwangu. Meli zote nilizoingiza katika bandari hii, mchele mliokula, saruji ya Elibariki hapo, aliyeziingiza ni yeye. Mie nilikuwa mkono wake tu."

Mzee mwingine, aliyekuwa dereva wa winchi, akainuka nyuma. Akasema alifika darasani hapo mwaka sitini na mbili akiwa na vidole vinane, kwa sababu viwili alikwisha kuvipoteza kwa kutojua kusoma kibao, na tangu hapo hajapoteza kingine. Watu wakacheka, naye akainua mikono yote miwili wahesabu. Mama mmoja akasema baba yake alijifunza kuandika jina hapo, na jina hilo ndilo baba alilolitia kwenye cheti cha kuzaliwa cha mama huyo, naye anacho mpaka leo.

Elibariki akatikisa kichwa. "Hayo ni ya zamani, wazee wangu. Nayaheshimu. Lakini hicho chumba anachokiomba, cha kufundisha watu wazima, nani atakuja? Mwaka huu? Hapa mjini?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu alilokuwa nalo Demetria halikuwa lake kulitoa. Alitazama karatasi zake.

Ndipo akasikia kiti kikisogezwa.

"Mimi naitwa Marietha," sauti ilisema. "Ni mama wa mwalimu Demetria huyo."

Alikuwa amesimama safu ya tatu, mkoba kifuani, lafudhi ya Muleba ikiwa imezidi kwa woga.

"Nina miaka sitini na minane. Nimelea watoto wanne, wote wamesoma. Mimi sijui kusoma. Mwanangu amejua wiki iliyopita tu, na nyinyi mmejua sasa hivi." Akavuta pumzi. "Baba ameuliza nani atakuja. Kikifunguliwa hicho chumba, mwalimu, niandike mimi wa kwanza. Basi."

Akaketi haraka kama aliyesukumwa.

Hakuna aliyecheka. Kisha mlinzi wa shule, aliyekuwa amesimama mlangoni na rungu lake, akainua mkono. Akafuata mama wa mboga, aliyeuza mchicha nje ya ofisi ya kata miaka yote. Kijana wa bodaboda akainua nusu, akashusha, akainua tena. Mikono ikatoka madirishani. Leodegar alisimama juu ya kiti kuihesabu, midomo ikienda, na alipofika kumi na tisa akaacha, akafuta jasho la shingo.

"Sikujua," alisema, hakuna aliyemuuliza. "Nimebandika matangazo pale ofisini miaka sita. Sikujua."

Elibariki alikuwa ameketi, mikono imekunjwa. Alipoinuka tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Hicho chumba kitataka taa, jioni giza linaingia mapema," alisema. "Taa nitaleta mie. Na fundi."

*

Fomu ilipelekwa, ikiwa na kurasa kumi na moja za maelezo ya watu zilizoambatishwa mahali pa picha. Jibu lilikuja wiki ya kwanza ya Januari. Halmashauri iliamua kwamba shule itaitwa kwa jina la kata, kama mwongozo unavyotaka, na pendekezo la wakazi litafikiriwa kwa shule zijazo. Matumizi ya chumba kimoja saa za jioni yaliruhusiwa.

Demetria aliisoma barua mara mbili, akaona uchungu. Lakini alipompigia Bi Somoe na kumsomea, bibi alimkatiza kwenye mstari wa mwisho.

"Soma tena hapo kwenye chumba."

Alisoma.

"Basi," bibi alisema. "Nimepata nilichokiomba. Utakuja kunichukua lini?"

Alikuja Jumatatu ya pili ya mwezi huo, saa kumi, ameshikwa mkono na Najat upande mmoja na Kapteni Mwishehe upande wa pili, na haikuwa wazi nani anamshikilia nani. Ndani walikuwa watu ishirini na saba, wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamebana. Kulikuwa na ubao halisi, mweusi, na taa nne mpya kwenye dari.

Bi Somoe aliugusa ubao kwa kiganja, akatabasamu. "Huu si bati," alisema. Kisha akawageukia. "Zamani nilianza na neno la hatari, kwa sababu hatari ndiyo iliyokuwa inatuua. Nyinyi mnataka tuanze na lipi?"

Walitazamana. Mama wa mboga alisema, bei. Mlinzi alisema, marufuku, kwa kuwa ameambiwa limeandikwa langoni na yeye ndiye anayelilinda. Wakacheka.

"Na wewe mwenye miwani?" bibi aliuliza.

Marietha alielewa kuwa ni yeye. "Jina langu," alisema.

Bi Somoe hakuweza kuandika sawasawa tena. Mkono ulitetemeka na mistari ikapanda mlima. Kwa hiyo alitaja herufi, na Demetria akaziandika, moja moja, kubwa, akiacha nafasi. Alikuwa amefundisha miaka kumi na tano na hajawahi kuandika neno polepole hivyo. Nyuma yake alisikia penseli zikikwaruza. Alipogeuka, mama yake alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia karatasi, ulimi kidogo nje, kama alivyokuwa yeye mwenyewe akiwa darasa la kwanza.

Tangu siku hiyo kibao cha barabarani kinasema jina la kata, lakini ukimwambia dereva wa Bajaji jina hilo atakuuliza mtaa gani. Ukisema shule ya Bi Somoe, anakupeleka. Elibariki huwa anasimamisha gari langoni mara nyingine jioni, ati kutazama kama taa zinawaka. Bibi huja Jumatatu tu. Siku nyingine anafundisha Demetria, na Kapteni Mwishehe huketi pembeni akisahihisha watu wanaochanganya *l* na *r*, kazi ambayo anaipenda kupita kiasi.

Mwezi wa sita Leodegar alibandika tangazo jipya mlangoni pa ofisi yake, kuhusu usafi wa mitaro. Marietha alikuwa amesimama kwenye foleni akisubiri barua ya utambulisho. Alilisogelea, akaweka kidole, akaanza kusoma kwa sauti, kwa mwendo wa mtu anayevuka mto kwa mawe. Watu wa foleni wakageuka kumtazama. Alipofika mstari wa tatu alisimama, akarudia, akamwita mtendaji.

"Hapa umeandika wakazi wote wanaarifwa. Huyu *i* mmoja umempeleka wapi?"

Leodegar alisogea, akatazama, akatoa kalamu mfukoni na kuongeza herufi juu ya mstari.

"Endelea, mama," alisema. "Soma mpaka mwisho, yasije yakawepo mengine."